Tambarare na Kizingiti: Utangulizi wa Utalii Fikivu Mpakani Busia na Tororo

Huenda unamiliki nyumba ya wageni Busia, au unaongoza watalii Tororo, au una mzazi aliyepooza upande mmoja na ungependa Jumapili moja kumpeleka akalione ziwa. Huenda wewe mwenyewe unatumia kiti cha magurudumu na umechoka kuambiwa, "Njoo tu, tutakubeba." Vyovyote iwavyo, fani hii inakuhusu, na huhitaji shahada wala hisabati nzito ili kuianza. Unahitaji futi ya kupimia, macho yaliyozoea kutazama chini, na subira ya kumsikiliza mtu akikusimulia siku yake ilivyokwenda tangu asubuhi hadi aliporudi nyumbani.

Fani yenyewe inaitwa utalii fikivu. Neno "fikivu" lisikutishe. Ufikivu ni hali ya mahali kufikika, kuingilika na kutumika na mtu yeyote, awe anatembea kwa miguu, kwa magongo au kwa magurudumu. Tafadhali yashike pamoja maneno haya matatu: kufikika, kuingilika na kutumika. Mtu anaweza kufika kwenye lango la mkahawa asiweze kuingia, na anaweza kuingia, akala, kisha akakuta mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti chake. Na ninaposema utalii sina maana ya simba na wageni kutoka Ulaya peke yake. Mama wa Bungoma anayekwenda Port Victoria kula mbuta wa kukaanga na kurudi jioni ni mtalii, na siku yake ina haki ya kupangwa vizuri.

Tuanze pale ambapo karibu kila mgeni wa fani hii hujikwaa. Ukisimama Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ardhi imelala pande zote. Kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, ulioko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nchi inapanda polepole kiasi kwamba mguu hauhisi, hadi ufike Tororo, nchini Uganda, ambako Mwamba wa Tororo unachomoza ghafla hadi mita 1,483. Mtu akiiona nchi ya namna hii husema: hapa hakuna vilima, basi hapa mambo ni rahisi kwa kiti cha magurudumu. Nami niliamini hivyo nilipoanza. Lakini kiti hakitembei juu ya ramani. Kinatembea juu ya udongo ulio chini ya magurudumu yake, na kinaweza kuvuka kilomita nzima ya nchi tambarare kisha kikashindwa na kizingiti kimoja chenye kimo cha tofali.

Kwa hiyo msingi wa kwanza ni kukijua kiti na udongo wake. Kiti cha kawaida kina magurudumu mawili makubwa nyuma, ambayo mwenye kiti huyasukuma kwa mikono kwa kushika pete zilizozunguka tairi, na vigurudumu viwili vidogo mbele, vinavyogeuka huku na huku. Shida nyingi huanzia kwenye vile vidogo. Kigurudumu kidogo huzama kwenye mchanga wa mwaloni, hukwama kwenye ufa wa lami, na kikigonga jiwe kwa kasi humrusha aliyeketi mbele. Ndiyo sababu msaidizi mzoefu akifika kwenye mchanga hukiinamisha kiti nyuma, vigurudumu vya mbele vikaelea hewani, au hukigeuza kabisa na kukivuta kinyumenyume. Jaribu wewe mwenyewe mara moja, na rafiki yako ameketi kitini. Dakika tano zitakufundisha zaidi ya ukurasa mzima.

Hapa mpakani utakuta pia chombo cha pili, ambacho vitabu vingi vya Ulaya havikitaji kabisa: baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Pedali zake ziko mbele ya kifua, mnyororo unashuka hadi kwenye gurudumu, na nyuma mara nyingi pana jukwaa la kubebea mzigo. Ni chombo cha barabarani. Kinamudu changarawe na mashimo, kinakwenda mbali, na kikipata pancha fundi yeyote wa baiskeli anakitengeneza kwa tyubu na spoku alizonazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo unalisisitiza jambo hili hili: chombo bora ni kile kinachomfaa mwenyewe, kinachoyafaa mazingira yake, na kinachoweza kutengenezwa nchini mwake. Udhaifu wa baiskeli hii ni ukubwa wake. Haiingii ndani. Mwenyewe akifika mlangoni huiacha nje, na kama hana kiti kingine, kuanzia hapo anatambaa. Ukiona baiskeli tatu zimeegeshwa nje ya duka, usiseme duka hilo linafikika. Tazama kwanza wenyewe wameingiaje.

Kuhusu udongo nitakuwa mfupi. Changarawe iliyoshindiliwa ni nzuri wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao utaukuta kwingi kwenye mabonde, hunata magurudumuni mvua ikinyesha na hukauka kwa nyufa pana jua likiwaka. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na sehemu za chini kama Budalangi, kando ya mto Nzoia, zina historia ndefu ya mafuriko. Mahali panapofikika Januari huenda pasifikike Aprili. Basi kila utakapoandika kwamba mahali fulani panafikika, andika na mwezi ulipopima.

Msingi wa pili ni mwinuko, na hapa tutapiga hesabu kidogo. Uwiano wa mwinuko ni kimo unachopanda ukilinganishwa na urefu wa njia unayopandia. Kipimo kinachotumika kwingi duniani kwa njia ya mteremko, yaani ule ubapa wa saruji au mbao unaojengwa badala ya ngazi, ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi moja ya sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180. Wengi huduwaa wakisikia hivyo, kwa sababu fundi wa mtaani aghalabu humwaga saruji ya nusu mita mbele ya ngazi na kusema amemaliza. Kazi yake inaonekana nzuri kwenye picha. Kwa mtu aliye peke yake kitini ni ukuta, na wakati wa kushuka ni hatari kuliko ngazi yenyewe.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwenye mkahawa mmoja kando ya barabara kuu aliniita kwa fahari nione kwamba mlango wake hauna ngazi hata moja. Kweli, ngazi haikuwapo. Ila kizingiti cha saruji, kilichojengwa kuzuia maji ya mvua, kilikuwa na kimo cha sentimita 18. Tulikipima pamoja, nikazidisha kwa 12, tukapata sentimita 216. Akatazama barazani akipima kwa hatua, kisha akasema, "Nafasi ipo. Hii meza ndiyo inahama." Meza ikahama siku ile ile, na baada ya wiki mbili mteremko ulikuwa umejengwa, ukiwa na kingo ndogo pembeni ili gurudumu lisiteleze likaanguka, na uso wake ukiwa umekwaruzwa kwa ufagio saruji ikiwa bado mbichi ili usiteleze mvua ikinyesha. Tororo ni mji unaotengeneza saruji. Mteremko wa kizingiti kimoja haupaswi kumshinda mtu yeyote katika eneo hili.

Ongeza vipimo viwili tu na utakuwa na vya kutosha kuanzia. Mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi, ikipimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Na ndani pawe na nafasi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kiweze kugeuka. Chooni ndipo vipimo hivi viwili hukosekana zaidi.

Sasa tufike kwenye wazo ambalo kwangu ndilo moyo wa fani nzima: mnyororo wa ufikivu. Maana yake ni kwamba siku ya matembezi ni pete zilizoshikana, kutoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi langoni, mezani, chooni, na kurudi. Na mnyororo mzima una nguvu ya pete yake dhaifu kuliko zote. Hoteli inaweza kutumia mamilioni kujenga njia nzuri ya bustanini, lakini kama choo hakiingiliki, mgeni atakaa saa mbili na kuondoka. Au atafanya jambo baya zaidi, nalo ni kutokunywa chochote.

Jambo hili sikulijifunza chuoni. Alinifundisha mzee mmoja wa baiskeli ya mikono, nilipokaa naye kivulini upande wa Uganda wa Busia. Vishikio vya pedali zake alikuwa amevizungushia mpira wa tyubu kuukuu, uliolainika na kung'aa kwa miaka ya viganja. Nilimkaribisha chai. Akakataa kwa adabu. "Siku ya kazi sinywi chai, mwalimu," akasema. "Nikinywa, nitaipeleka wapi?" Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni bila kunywa hata maji, katika jua lile, kwa sababu kila choo alichokijua kilikuwa na ngazi au sakafu ambayo mtu anayetambaa hawezi kuitambalia. Tangu siku ile, nikiulizwa mahali fulani pana nini cha kuwavutia wageni, naanza kwa kuuliza choo.

Pete nyingine inayosahaulika ni mwili wenyewe. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, na akikaa muda mrefu bila kujiinua anapata vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vinavyotokea ngozi inapobanwa kati ya mfupa na kiti hadi damu ikashindwa kupita. Vidonda hivi huua watu. Kwa hiyo ratiba nzuri ina mapumziko, ina kivuli, ina mto wa kukalia usioachwa garini. Na usikiache kiti juani wakati mwenyewe ameketi kwingine: pete za chuma zitamchoma viganja, na mtu asiyehisi mapajani ataungua kwa kiti kilichopata moto bila kujua.

Kuhusu usafiri, fikiria kimo cha kiti cha gari. Matatu iko juu, mlango wake ni mwembamba, na kondakta ana haraka. Kiti kikipandishwa kwenye keria, nauli huongezeka. Gari aina ya Probox, ambalo limejaa katika barabara za magharibi mwa Kenya, kiti chake kiko karibu usawa wa kiti cha magurudumu, hivyo mtu mwenye mikono imara anaweza kuhama mwenyewe kutoka kimoja hadi kingine. Kitendo hicho cha kuhama tunakiita uhamisho. Kila uhamisho ni jasho, ni hatari ya kuanguka, na ni nafasi ya kushikwa na mikono ya wageni. Siku iliyopangwa vizuri ina uhamisho mchache.

Hapo ndipo mpaka wa Busia unakuwa darasa. Eneo hili ndilo linalotajwa kuwa chimbuko la neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizobeba abiria katika ile nafasi kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, kutoka boda hadi boda. Na sambamba na baiskeli hizo walikuwapo watu waliopooza miguu, wengi wao kwa polio, waliogundua kwamba baiskeli ya magurudumu matatu inaweza kubeba bidhaa na kwamba mpaka ni mahali pa kupatia riziki. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika juu yao katika sura ya kitabu kilichochapishwa 2007. Nakusihi uitafute sura hiyo. Inaonyesha watu ambao chombo cha kusafiria kiliwapa kazi, heshima na sauti ya pamoja. Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi vya polio vya asili mnamo Agosti 2020, kwa hiyo kizazi hicho hakitarudi. Ujuzi wake wa barabara, vizingiti na njia za mchepuko za Busia bado uko hai, na haujaandikwa vya kutosha.

Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu wake ni kwamba msafiri anasimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na hapo maafisa wa nchi zote mbili wanamaliza kazi yao. Kwa mtu wa miguu hiyo ni nafuu ya muda. Kwa mtu wa magurudumu ni foleni moja badala ya mbili, na pengine kuhama mara moja badala ya mara tatu. Isitoshe, tangu 2014 raia wa Kenya na Uganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Matembezi ya siku moja yanayogusa nchi mbili yamewezekana kwa njia ambayo wazazi wetu hawakuijua.

Sasa upo tayari kwa nadharia, nami nitaipitia upesi. Mtazamo wa kitabibu husema tatizo liko kwenye miguu ya mtu. Mtazamo wa kijamii, uliopewa jina hilo mwaka 1983 na Mike Oliver, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu, husema kinachomzuia mtu ni kizingiti kilichojengwa na watu, na watu wanaweza kukibomoa. Usanifu kwa wote, wazo la msanifu wa Marekani Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni, unakwenda hatua mbele: jenga tangu mwanzo kitu kinachomfaa kila mtu, ili kusiwe na mlango wa nyuma wa watu wenye ulemavu. Mteremko wa yule mwenye mkahawa leo unapitiwa zaidi na wanawake wenye watoto mgongoni na vijana wa mikokoteni ya maji.

Sheria nazo zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa 2006, na Kenya na Uganda ziliuridhia 2008. Kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi burudani, michezo na utalii. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Zisome. Lakini usizisubiri zije zikujengee mteremko.

Twende basi kwenye mahali penyewe. Upande wa Uganda, barabara ya Musita, Lumino, Busia na Majanji inakufikisha karibu na ufuko wa Majanji kwa lami. Upande wa Kenya kuna Sio Port na Port Victoria. Ziwa lina faida kubwa kwa mgeni wa magurudumu: uzuri wake unaonekana kutoka mahali pamoja. Huhitaji kuzunguka ili uone jua likizama, mitumbwi ikirudi, omena wakianikwa. Kazi yako ni kutafuta pahala penye ardhi ngumu na kivuli, kupima njia kutoka kwenye gari hadi hapo, na kuuliza choo. Kuhusu mashua, kuwa mwangalifu. Kwenye mialo mingi abiria hubebwa mgongoni hadi chomboni. Mtu asiyeweza kujishika kwa miguu asibebwe hivyo kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka. Muulize yeye kwanza anataka kushikwa vipi, na kama anataka kwenda.

Kakapel, huko Teso Kaskazini karibu na vilima vya Chelelemuk, ni mnara wa kitaifa wa Kenya wenye michoro ya kale ya miambani. Mwaka 2024 wanaakiolojia walitangaza kwamba kunde iliyochimbuliwa hapo ina umri wa takriban miaka 2,300, na kwamba wimbi ulikuwa ukilimwa hapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Mahali pa mawe ni pagumu kwa magurudumu, na hapa utajifunza dhana ya uzoefu wenye uzito sawa: pale ambapo mwili hauwezi kufika bila hatari, mgeni apewe kitu chenye thamani ya kweli inayokaribiana na kile alichokikosa. Picha kubwa za michoro, mwongozaji anayekuja kuketi naye chini na kusimulia, kunde na wimbi mkononi mwake. Kumwambia "subiri hapa kwenye gari" hakuna thamani yoyote.

Mwamba wa Tororo ni mfano mgumu zaidi. Njia ya kupanda ina ngazi za chuma, na siwezi kukudanganya kwamba itageuka kuwa njia ya magurudumu. Ila mwamba huu hutazamwa vizuri zaidi kutoka chini, kwa sababu unasimama peke yake. Ninavyoona mimi, mwongozaji wa Tororo anayejua mahali pawili au patatu penye ardhi ngumu, kivuli na choo, ambapo mwamba unaonekana mzima asubuhi na jioni, ameshajenga safari nzuri bila kugusa jiwe.

Mwisho, jinsi ya kuuliza kwa simu. Ukiuliza, "Je, mnahudumia watu wenye ulemavu?" utajibiwa ndiyo kila mara, na kwa nia njema. Uliza mlango wa choo una sentimita ngapi. Uliza kuna ngazi ngapi kati ya maegesho na meza, na kila moja ina kimo gani. Omba picha ya choo mlango ukiwa wazi. Na kama wewe ndiye mwenye mahali, ziandike namba hizo ukutani na kwenye tangazo lako, hata zikiwa mbaya. Mlango wa sentimita 68 ukitajwa kwa ukweli humsaidia mtu kuamua. Neno "karibuni wote" halimsaidii.

Kazi yako ya kwanza iwe hii: nenda Busia siku ya soko, mtafute mtu wa baiskeli ya mikono, umlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mtaalamu yeyote, na umwombe akuonyeshe njia anayopita kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Chukua futi na daftari. Andika kila mahali anapopunguza mwendo.